Inveraray: ulizeni nani alijengewa kwanza

Anayeufikia mji wa Inveraray, kando ya Loch Fyne, ghuba ya bahari magharibi mwa Uskoti, husifu sura yake inavyoonekana kutoka majini: kuta nyeupe, madirisha yaliyopangika, matao yanayounganisha jengo na jengo. Uzuri huo ni wa kweli. Ila mji uliopangwa haueleweki kwa sura pekee. Tazameni kilichotangulia kujengwa.

Mji wa zamani ulikuwa karibu na mdomo wa mto Aray, jirani na ngome ya ukoo wa Campbell. Archibald Campbell, Duke (mtawala wa cheo cha juu) wa tatu wa Argyll na mwenye ardhi hiyo, alianza kujenga kasri jipya mwaka 1746 akataka mandhari yake yawe wazi. Mji ukapangiwa kuhamia kwenye rasi iliyo kusini, umbali usiofika kilomita moja. Haukuhamishwa na mafuriko. Ulimzibia mwenye ardhi bustani.

Msanifu majengo John Adam aliijenga kwanza hoteli kubwa ya wageni, kuanzia 1750, kisha jengo la baraza lenye mahakama na jela, lililokamilika 1757. Basi msafiri, hakimu na hata mfungwa walikuwa na paa jipya, huku mafundi na wavuvi wengi wakingoja. Duke huyo alifariki 1761, na kazi ikalala hadi Duke wa tano aliposhika urithi mwaka 1770.

Ndipo msanifu Robert Mylne akajenga Arkland na Relief Land, 1774 hadi 1776: safu mbili za ghorofa tatu zinazotazamana katika barabara kuu, kila moja ikikaa familia nyingi. Kwangu mimi mji ulianza hapo, si hotelini. Baadaye Mylne alijenga pia kanisa lenye ukuta katikati, upande mmoja ibada ya Kiingereza, wa pili ya Kigaeli.

Weupe wa kuta hizo ni chokaa iliyochanganywa na kokoto ndogo, ikarushwa ukutani kwa mwiko, kisha ikapakwa chokaa nyepesi juu. Inalinda jiwe dhidi ya mvua na bado inauacha unyevu utoke. Anayekarabati kwa saruji anaufungia unyevu ndani, na jiwe huanza kumomonyoka nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Chokaa nayo haitaki haraka: hupakwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikitunzwa na ubichi wake isikauke ghafla. Barafu ikiikuta kabla haijakomaa, maji yaliyomo huganda na kutanuka, lipu ikabanduka vipande vipande. Kazi hii haianzwi majira ya baridi.