Samarkand Hakuna Bahari

Uzbekistan haina pwani, na hakuna jirani yake hata mmoja anayepakana na bahari kuu. Lakini ni huko, katika mji wa Samarkand, mwishoni mwa 2025, nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kuwaingiza manta, yaani taa wakubwa wa baharini, na jamaa zao wenye pembe katika Kiambatisho cha I. Maana yake, kuwauza nje kibiashara ni marufuku.

Mimi nimekua nikila taa. Mchuzi wa nazi, ndimu, wali moto. Sina la kujitetea. Hata hivyo naunga mkono uamuzi ule. Manta si dagaa. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, kisha huweza kukaa miaka kadhaa bila kuzaa tena. Atavuliwaje kwa tani?

Manta waliwekwa Kiambatisho cha II mwaka 2013, jamaa zao 2016. Hicho huruhusu biashara ilimradi nchi inayouza ithibitishe kwamba haiwamalizi. Ithibitishe kwa takwimu zipi, ikiwa kwenye madiko mengi, wavuvi wanakoshushia samaki, taa wa kila aina huandikwa "taa" tu? Tena kinachotafutwa ni matamvua makavu ya manta, yale ya kupumulia majini, yanayouzwa Guangzhou, China, kama dawa. Yakishatiwa guniani, afisa wa forodha ajue vipi yapi yana kibali? Marufuku haimpi kazi ya kukisia.

Ila mkataba unalinda mpaka, haupandi chomboni. Jarife la usiku la kuvulia jodari na papa halichagui. Unguja manta hunaswa humo, na nyama yake huliwa hapahapa, bila kuvuka mpaka wowote. Nahodha aliyekopa mafuta ya mashine hatamwachia mnyama mkubwa vile kwa sababu ya Kiambatisho.

Fedha za wafadhili zikija, zianze kwake kabla ya semina za hotelini: majaribio ya kutega jarife chini zaidi ya uso wa maji, na karani wa diko anayejua kutofautisha pungu, taa wa aina nyingine, na manta. Kumlipa mvuvi kila anapomwachia mmoja nako kuna hatari yake. Wajanja watawatega makusudi.

Juzi sokoni nilimuuliza muuzaji taa wake ni wa aina gani. Akanitazama, akaendelea kukata.

"Taa ni taa, mwanangu. Nikupimie kilo ngapi?"