Wameniletea Ndege na Siri Zao

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mlango unalia: kwiiich. Nainuka kitandani. Mlango umefungwa, na tangu uwekwe haujawahi kulia. Narudi kulala. Simu inaita. Naipapasa, imeisha chaji tangu jana. Halafu mtu anakohoa, kikohozi kizito cha mzee aliyeanza sigara akiwa kijana, anasafisha koo, na sauti ya mwanamke aliyechoka inamwambia: "Umeanza tena?"

Mke wangu yuko pembeni yangu, amelala fofofo.

Huyo ni Bosi. Mlango ni Bosi, simu ni Bosi, mzee ni Bosi na mama wa watu ni Bosi. Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, gramu 430 akiwa ameshiba, na ndani ya hizo gramu 430 wamo watu ambao sijawahi kuwatia machoni lakini naamka nao kila siku ya Mungu. Yule mzee nimeanza kumwombea afya.

Mwenzenu nalea kasuku waliokataliwa makwao. Sikupanga. Alianza mmoja, wa jamaa aliyesema anasafiri wiki mbili tu, na hizo wiki mbili sasa zinaingia mwaka wa 9. Watu wakasikia kuna mtu anapokea. Ukishasifika kwa kupokea, umekwisha. Leo wako 17. Chumba cha wageni ni chao, sebule ni yao, na mimi nimebakiwa na kona ya kochi iliyotandikwa taulo, kwa sababu kasuku hujisaidia kila baada ya robo saa hivi na hachagui mahali. Nimekosea. Anachagua. Anachagua bega lenye shati safi.

Sasa, kila anayeleta ndege huja na sababu yake, ameishika kama cheti. "Tunahama." "Mtoto ana mzio." "Kazi zimebana." Mimi huitikia pole, pole sana, naandika kwenye daftari. Sibishani na mtu. Ndege anakaa karantini kwenye chumba cha peke yake zaidi ya mwezi, asije akawaambukiza wenzake, na humo humo karantini ndimo anapoanza kutoa ushahidi.

Bwana mmoja aliniletea kasuku, akasema mtoto anapiga chafya kwa vumbi la manyoya. Sababu nzuri kabisa, maana kasuku wa kijivu na kakatua, ndugu yake mwenye ushungi, wanamwaga unga mweupe mpaka ukitazama televisheni unadhani taarifa ya habari inasomwa kwenye ukungu. Nikaandika: mzio. Wiki ya pili, mchana kweupe, mama mkwe amekuja kutusalimia, sauti ya kike ikatoka chumbani: "Nani anakupigia saa hizi?" Ikajibu ya kiume, imejikausha: "Wa kazini." Ya kike: "Wa kazini ndiyo umemwandika Mpenzi?" Kisha kitu kikavunjika. Sahani, nadhani, maana aliiga mpaka kile kipande kinachozungukazunguka sakafuni kabla hakijatulia.

Mama mkwe akaweka kikombe chini, akaniangalia mimi. Mimi! Nikasema, mama, hii si ya hapa, hii imekuja na ndege. Akasema, "Haya baba," kwa ile sauti yake. Tangu siku hiyo simu yangu ikiita akiwepo, anainamisha kichwa upande mmoja kama kasuku mwenyewe.

Shuleni tulikatazwa kukariri kama kasuku. Aliyeanzisha msemo huo hakuwahi kulala naye nyumba moja. Kule Marekani mwanasayansi Irene Pepperberg alimsomesha kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, kuanzia mwaka 1977 hadi ndege alipokufa mwaka 2007. Alex alitaja rangi, akataja maumbo, akahesabu mpaka sita, na akichoshwa na maswali alisema anataka kurudi tunduni. Mimi darasani nilitaka hilo hilo kila siku na sikuthubutu kulisema.

Na wanajua lipi litawachekesha watu. Mwaka 2020 huko Uingereza, bustani moja ya wanyama ilipokea kasuku watano wa kijivu kwa pamoja, ikawaweka chumba kimoja. Wakafundishana matusi. Kila wageni wakicheka, ndege wanaongeza. Ikabidi watenganishwe. Nilipowasomea wenzangu habari hiyo wakafa kwa kicheko; mimi nilikuwa namfikiria Mwalimu, kasuku wangu wa kijani, ambaye ana tusi moja tu lakini analitoa wakati fundi bomba anapoinama. Fundi wa tatu huyo. Wa nne hapatikani.

Sababu ya kweli ya kuletwa kwao, ukiacha yale ya simu za kazini, ni hesabu. Mtu hununua kifaranga, laini, kinalia kwi kwi kwi, kinalala kiganjani. Hakuna aliyemwambia kwamba kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka 40, 50, hata 60. Kakatua mkubwa vivyo hivyo. Kwa hiyo hununui mnyama wa kufuga, unanunua mrithi. Kifaranga kikishabalehe kinachagua mtu mmoja nyumbani wa kumpenda, na kumpenda kwenyewe ni kumtapikia chakula kilichotafunwa, maana kwao hayo ndiyo mahaba. Wengine wote nyumbani ni maadui. Ukipenda boga penda na ua lake, sawa, lakini boga haling'ati.

Na kung'atwa kuna dalili zake, ila mgeni hazioni. Mboni ya jicho inapanuka, inasinyaa, inapanuka, haraka haraka, kama taa ya gari inayotaka kupinda. Mgeni anasema, "Ona, ananikonyeza!" Mimi niko jikoni napiga kelele toa kidole, toa kidole. Nimechelewa. Huo ni mdomo unaovunja kokwa gumu, kidole chako ni mkate tu.

Yuko pia yule mkubwa wa buluu na njano, jamii ya kasuku waitwao makao. Anaitwa makao na hana makao. Nyumba yangu ni ya 5. Mabawa yakikunjuliwa ni karibu urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, na kila jioni jua likizama anapiga ukelele wa kuita kundi lake msituni. Hakuna msitu, wala kundi. Anayeitika ni jirani, naye haitiki kwa heri.

Jikoni ndiyo usiseme. Parachichi haliingii humu, ni sumu kwao. Chokoleti, hapana. Udi, manukato ya kupuliza, mishumaa yenye harufu, hapana. Vikaango vile visivyonata ndiyo kabisa: vikipata moto kupita kiasi vinatoa moshi usioonekana, na ndege anaweza kufa kwa dakika chache. Mapafu yao yanafyonza hewa kwa ufanisi kutushinda, kwa hiyo na sumu wanaifyonza hivyo hivyo. Ndiyo maana zamani wachimba makaa ya mawe walishuka shimoni na ndege tunduni. Shemeji yangu alitununulia seti nzima ya vikaango hivyo, vinang'aa, vimefungwa utepe. Nilimpokea mlangoni na nikamuaga hapo hapo mlangoni. Hatujasalimiana vizuri mpaka leo.

Kila asubuhi, kabla ya chai, nawapima uzito. Mmoja mmoja, juu ya mizani ya jikoni niliyoipigilia kijiti, gramu kwa gramu, kwenye daftari. Mke wangu aliwahi kuniuliza kwa nini ndege wana kliniki na mimi presha yangu sijapima tangu tuoane. Nikamweleza: hawa wanatoboa siri za watu wote isipokuwa za kwao. Kasuku akiumwa hasemi. Porini, ndege anayeonekana mgonjwa ndiye wa kwanza kuliwa, basi anajikaza, anakaa wima, anakula mbele yako, au anajifanya anakula, anaponda mbegu na kuziachia. Siku unayomwona amevimbisha manyoya chini ya tundu, ameshaumwa siku nyingi. Mizani tu ndiyo haidanganyiki. Akipungua asilimia 10, simsubirishi, ni daktari siku hiyo hiyo. Na si daktari yeyote. Wa ng'ombe na mbuzi niliwahi kumpelekea, akamtazama ndege, akanitazama mimi, akauliza, "Anakula majani?"

Malkia ndiye niliyemjua kwa mizani. Ni kakatua mweupe, aliletwa na maneno "anabadilisha manyoya." Habadilishi. Alijinyofoa kifua chote kwa upweke, unyoya mmoja mmoja, akabaki ngozi ya waridi yenye vipele. Kichwa tu ndicho kizima, kwa sababu mdomo wake haukifikii. Kwa hiyo anatembea sebuleni na ushungi mweupe umesimama wima, chini uchi, kama kuku wa buchani aliyealikwa ikulu. Na mbegu za alizeti alikuwa amezizoea kama mtu alivyozoea chipsi: mafuta mengi, vitamini A karibu hamna. Kumbadilishia chakula kulituchukua miezi minne. Mboga anaitupa. Punje za dukani anazitupa. Mwisho nikagundua anachokula ni kile tu ninachokula mimi, kikitoka kwenye sahani yangu, nikijifanya sitaki kumpa. Nimekula karoti mbichi miezi minne nikiigiza utamu.

Halafu wako wanaokuja kuchukua. Mimi nimekuwa baba wa mabinti 17, wanakuja kuposa. Wengine hata hodi hawapigi, wanapiga simu: "Huyo wa kijivu unamwachia kwa bei gani?" Simuuzi mtu. Mwaka 2016 nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikutana Johannesburg zikampandisha kasuku wa kijivu kwenye Kiambatisho cha I, chenye ulinzi mkali kuliko vyote, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku, kwa jinsi walivyokamatwa mpaka baadhi ya misitu ikanyamaza. Namweleza mtu yote hayo kwa hisia. Ananisikiliza, halafu anasema, "Sawa, na punguzo je?"

Wanaofika, nawahoji. Mnalala saa ngapi? Maana ndege anataka giza na utulivu kwa muda wa saa 10 hadi 12. Nani yuko nyumbani mchana? Dada mmoja alitaka anayefanana na mapazia. Kijana mmoja alitaka "anayeongea," nikamwambia mwanangu, omba anayenyamaza. Mzee wa miaka 68, mpole, aliketi na Malkia bega kwa bega saa nzima, nikampenda sana, nikamuuliza atamwachia nani. Akakaa kimya. Akasema atarudi na mjukuu. Alirudi naye, na mjukuu alikuja na daftari lake mwenyewe la maswali. Hao ndio waliopewa Malkia. Karoti nikaacha siku hiyo hiyo.

Sasa Bosi. Mke wangu ni mvumilivu, lakini alikwishatoa hukumu: Bosi apate kwao. Kikohozi kile cha alfajiri kimemchosha, na nafasi inahitajika. Nikakubali. Tukapata wachumba safi, mume na mke, wana chumba chenye dirisha, wana mizani, vikaango vyao vya chuma. Walikuja mara tatu. Nilitafuta kasoro kwa uaminifu wote nikakosa. Mara ya kwanza nilisema labda wanaishi mbali na daktari. Daktari wa ndege ni jirani yao.

Jumamosi ya kumchukua tukakaa wote sebuleni. Tundu la safari liko mlangoni. Bosi ametulia kijitini, mguu mmoja umekunjwa, kawaida yake mbele ya wageni huwa hasemi kitu. Yule mama akamsogelea, akamwambia taratibu, "Twende nyumbani, Bosi?"

Bosi akaguna. Akainamisha kichwa. Halafu, kwa sauti yangu, si ile ninayoongea na watu, ile ya chini ya saa nne usiku nikishafunika matundu yote na mke wangu ameshaingia kulala, akasema:

"Nyamaza tu. Waache waje. Wewe huendi popote."

Sebule ikawa kimya. Yule bwana akatazama viatu vyake. Mkewe akatazama tundu la safari. Mimi nikaanza kueleza kwamba ndege hawa huchanganya mambo, wanasikia hapa, wanasikia pale, pengine ni wa nyumba ile ya kwanza.

"Umeanza tena?"

Nikageuka kumtazama Bosi. Bosi alikuwa anajikuna sikio kwa ukucha, mdomo umefungwa.