Mashine haijafa, fundi

Baba mdogo ameambiwa saa yake ya mkononi, ya springi, imekufa. Haijasimama, imekufa huku inatembea. Ilikuwa inakimbia dakika kama nne kwa siku, na kwa mzee anayefunga kila Jumatatu na Alhamisi, dakika nne si mchezo: anaweza kujikuta na tende mdomoni muadhini wa msikiti wa Kibuli, hapa Kampala, akiwa bado anatawadha. Akaipeleka kwa fundi mmoja katikati ya mji, wa varandani, mwenye kisanduku cha kioo na mikanda inayoning'inia. Fundi akafungua mfuniko wa nyuma, akachungulia, akasogeza kitu kwa ncha ya kibano, akafunga. Wiki iliyofuata mbio zimepungua lakini saa bado iko mbele. Hukumu ikatoka hapo hapo: "Mzee, mashine imekufa. Tuweke mpya, laki moja na nusu."

Hakupima chochote wala hakuuliza swali hata moja. Laki na nusu!

Ndiyo tabia ile ile ya kumeza dawa ya malaria kila mwili ukipata joto, kabla hata kidole hakijatobolewa. Wakati mwingine unapona, kwa sababu kweli ilikuwa malaria. Wakati mwingine ilikuwa taifodi, na sasa una taifodi na tumbo lililovurugika.

Kitu alichosogeza fundi ni kile kijimkono kilicho juu ya balansi (gurudumu dogo linaloyumba huku na huku kuhesabu muda), chenye alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili. Kazi yake ni kufupisha au kurefusha sehemu inayofanya kazi ya springi ya nywele, ule waya mwembamba uliojiviringa unaoirudisha balansi. Springi ikifupishwa inakaza, balansi inarudi upesi, saa inakwenda mbele. Ikirefushwa, saa inachelewa. Ni kifaa kizuri sana, na ni kibaya vilevile, kwa sababu kinatii hata pale ambapo ugonjwa uko kwingine kabisa. Mafuta yamekauka? Sogeza. Balansi haina uwiano? Sogeza. Saa imeshika sumaku? Sogeza! Mteja anatoka anatabasamu, na ugonjwa unatoka naye.

Swali ambalo fundi angeuliza kabla ya kushika kibano ni hili: mzee, unafanya kazi gani?

Baba mdogo anakodisha muziki. Kwanjula (sherehe za Kiganda za utambulisho kabla ya ndoa), harusi, mikutano ya siasa msimu wake ukifika. Jumamosi nzima amekumbatia spika za besi zenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu, anazishusha kwenye pikapu, anazipanga chini ya hema, usiku anazirudisha. Nyuma ya kila spika kuna sumaku pana kama sahani, na saa iko kwenye mkono huo huo uliokumbatia. Springi ya nywele ikishika sumaku, mizunguko yake inavutana na kugusana. Ikigusana, ni kama springi imekuwa fupi, na nimeshasema springi fupi inafanya nini. Saa inayokwenda vizuri miaka, kisha ghafla inaruka dakika kadhaa mbele kwa siku, mshukiwa wa kwanza ni sumaku. Springi iliyoingiwa na mafuta inaweza kuleta dalili hiyo hiyo, lakini sumaku unaitafuta kwanza kwa sababu kuitafuta hakuna gharama.

Nilichukua dira ndogo ya plastiki, ile ya watoto wa shule, nikaiweka mezani mpaka mshale ukatulia. Nikaisogeza saa taratibu. Mshale ukaacha kaskazini ukageukia saa. Nikaizungusha saa, mshale ukasitasita, ukarudi nyuma, ukaja tena. Baba mdogo akavaa miwani. "Kwa hiyo mwanangu, huyu fundi alikuwa anatafuta nini mle ndani?"

Kifaa cha kutoa sumaku ni kile kikasha cha buluu cha Kichina, hakifiki hata robo ya hiyo laki na nusu. Unaweka saa juu, unabonyeza kitufe, na huku umebonyeza unaiinua saa polepole mpaka iwe mbali na kikasha, ndipo unaachia. Ukiachia mapema unaweza kuiacha na sumaku nyingi kuliko ulivyoikuta. Basi. Hata mfuniko haufunguliwi.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonipandisha hasira hasa. Sumaku ilipotoka, saa ikaanza kuchelewa. Karibu dakika mbili kwa siku! Kwa nini? Kwa sababu kijimkono kilikuwa kimeshasukumwa upande wa kutoa. Fundi alitibu homa isiyokuwepo, na dawa yake ikabaki mwilini. Ilibidi tufungue mfuniko na kukirudisha kwa unywele mmoja mmoja, saa ikiwa juu ya taimgrafa, kifaa kinachosikiliza mlio wa saa na kuchora mwendo wake kwa mstari. Mwisho ikatulia sekunde kumi na kidogo mbele, upana wa mzunguko wa balansi digrii 270 na ushee uso ukiangalia juu, mstari umenyooka. Hiyo ndiyo mashine iliyokufa. Ingetupwa kwenye kopo la skrubu, au nionavyo mimi, ingefufuka ndani ya saa ya mtu mwingine.

Hata bila taimgrafa mtu anaweza kupima. Jaza saa mpaka ishibe, ilaze uso juu usiku kucha, linganisha na simu asubuhi. Usiku wa pili ilaze kifudifudi, wa tatu isimamishe ufunguo wa kujazia ukiangalia chini. Ikikimbia sawasawa katika mikao yote, hapo kijimkono kina haki yake. Ikiwa mkao mmoja uko mbele na mwingine nyuma sana, kuna tatizo la uwiano wa balansi au ncha za mhimili wake zimeliwa, na usogeze usisogeze utakuwa unahamisha kosa kutoka usiku kwenda mchana. Ipime pia ikiwa imejaa, na tena baada ya saa ishirini na nne. Balansi iliyokuwa ikizunguka digrii 280 ikashuka chini ya 200, hapo mafuta yamekauka au springi kuu, ile inayoipa saa nguvu, imechoka. Au mwenye saa haondoki kwenye kiti, na otomatiki yake, saa inayojijaza mkono ukitikisika, haijazwi na mtu yeyote. Nao hao wapo wengi maofisini.

Haya, niwatendee haki mafundi kidogo. Wateja wetu nao wana vituko. Mtu anakuja analia saa inakwenda sekunde ishirini mbele kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Ishirini ni kama sehemu mbili katika elfu kumi, na yeye mwenyewe amefika kwenye miadi amechelewa saa nzima, anasingizia foleni ya Jinja Road. Mashine kama NH35 ya Seiko, inayovalishwa saa nyingi za bei nafuu, kiwango chake rasmi ni kuanzia sekunde 20 nyuma hadi 40 mbele. Hata kronomita za Uswisi, saa zenye cheti cha usahihi, zinaruhusiwa wastani wa sekunde 4 nyuma hadi 6 mbele. Ukitaka zaidi ya hapo hutaki saa ya springi, unataka setilaiti.

Na nakubali, kwa shingo upande, kwamba kubadilisha mashine nzima mara nyingine ni hesabu nzuri. Kuifungua yote, kuiosha, kuitia mafuta mahali panapostahili na kuirudisha ni kazi ya siku nzima ya mtu mwenye macho mazuri, na hapa mjini hakuna anayetaka kuilipia. Mashine mpya ya bei nafuu inaweza kushinda gharama hiyo. Sawa. Lakini ubadilishe baada ya kupima, na mashine ya zamani umpe mwenyewe mkononi.

Na nyinyi mtakaoniambia ninunue saa ya betri yaishe: ninayo. Iko sahihi kabisa. Naivaa nikiosha gari.