Rothko wa sebuleni: nakala inabeba nini?

Nakala za michoro ya Mark Rothko, mchoraji wa Marekani, zimejaa kwenye maduka ya mtandaoni: mistatili miwili au mitatu ya rangi, fremu nyeusi, kioo mbele. Wachambuzi wengi huziita mapambo matupu, na hoja yao ni nzito.

Orange, Red, Yellow, kazi yake ya mwaka 1961, ina kimo cha zaidi ya mita 2. Ukiisogelea, huoni kingine. Rothko alipaka rangi nyepesi tabaka juu ya tabaka, ndiyo maana wekundu wake huonekana kama unatokea ndani. Wino wa printa hauna kina hicho. Ipunguze hadi sentimita 50, iweke nyuma ya kioo, na utaona kwanza taa yako mwenyewe. Rothko hakupenda fremu, na mapambo hakuyataka kabisa: mwaka 1958 alikubali kuuchorea mgahawa wa Four Seasons, New York, kisha akajitoa. Baadaye michoro 9 kati ya hiyo aliipa Tate, jumba la sanaa la London.

Lakini kumwambia mtu akae na ukuta mtupu kwa sababu hana uwezo wa kununua mchoro wenyewe, hilo silikubali. Orange, Red, Yellow iliuzwa karibu dola milioni 87 mwaka 2012! Tena, mchoro halisi nao hupoteza rangi. Michoro aliyokichorea Chuo Kikuu cha Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitundikwa kwenye ukumbi wa chakula wenye madirisha makubwa, na jua likaifubaza vibaya hadi ikaondolewa mwaka 1979. Ilipoonyeshwa tena mwaka 2014, wataalamu waliirudishia rangi kwa mwanga wa projekta, wakitumia picha za zamani kama kielelezo. Yaani waliokwenda kuiona halisi, sehemu ya rangi waliyoiona ilikuwa nakala.

Kwangu kosa liko kwenye udogo na kioo. Anayempenda Rothko achapishe kwenye turubai isiyong'aa, kubwa kadiri ukuta unavyoruhusu, aitundike chini, karibu na sakafu, mbali na taa kali. Kama nafasi ni finyu, amtafute mchoraji mwingine, Josef Albers. Michoro yake ya miraba, aliyoianza mwaka 1950, mingine ina sentimita 40 tu kila upande, rangi zake zimelala bapa, na yeye mwenyewe alitoa kazi nyingi za kuchapwa. Hapo nakala hupoteza kidogo sana.