Daktari akienda Bungeni, ni kweli tumempoteza?

Kuna neno limekaa sana barazani kwetu tangu watu waanze kupiga hesabu za uchaguzi wa 2027, kwamba daktari akigombea ubunge hasara ni mara mbili, wodi imepoteza daktari na Bunge limepata mtu asiyejua siasa. Mzee mmoja wa hapa Lamu, pale Mkunguni mbele ya Ngome, alilisema kwa ufupi kuliko wote, "Dakitari akenda Nairobi kupiga meza bungeni, huku sisi tutatibiwa ni nani?" Watu wakacheka, kahawa ikazunguka, mjadala ukaonekana umekwisha hapo. Mimi sikucheka sana. Mzee ana haki yake na nitafika huko, ila upande wa pili hakuna aliyeusemea, na bora niseme mapema kwamba huko ndiko ninakoegemea mimi, nisije nikaonekana najificha.

Nianze na shilingi 3,600 manake hii namba hainitoki kichwani. SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua mahali pa NHIF, ile bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, mwenye mshahara akawa anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi, inakatwa kabla hajaiona basi haimuumi kichwa kwa mawazo. Asiye na mshahara, yaani wengi wetu huku, mvuvi, nahodha wa boti, mchonga milango, mwenye punda, mama wa mahamri, yeye anaulizwa maswali, nyumba yako imeezekwa nini, unapikia nini, choo chako ni cha aina gani, halafu mtambo unatoa kiasi chake. Cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na ilipoanza akatakiwa atoe ya mwaka mzima kwa mpigo. Piga mara kumi na mbili. Mtu aliyekaa ofisini Nairobi akiitazama 3,600 anaona ni shilingi kumi kwa siku, si hata bei ya kikombe cha chai, nani atashindwa? Mvuvi wa Kizingitini naye halipwi kwa siku. Kaskazi bahari imetulia, kamba mawe wanapatikana, pesa ipo na inaonekana mpaka kwenye harusi. Kusi likishika, mwezi wa sita, wa saba, vyombo vimepandishwa pwani na mtu anakula kwa deni la dukani, na ndio wakati huo mvua zimepita, mbu wamejaa, mtoto ana homa. Sasa ukimwambia huyu alete 3,600 mwezi wa saba umemwambia asije hospitali, wala hukuhitaji kumfungia mlango.

Na hilo la nyumba nalo jamani. Mji wetu wa Amu, yaani Lamu, umejaa watu waliorithi nyumba za mawe za ghorofa mbili, kuta nene, mlango wa nakshi watalii wanaupiga picha, na ndani hakuna ya unga. Kwenye fomu huyo anaweza kuonekana tajiri kuliko mwenye nyumba ya mabati na maduka matatu.

Mwaka 2025, baada ya kelele nyingi, ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, mtu alipe kidogo kidogo. Vizuri. Lakini mimi nauliza, kwa nini ilibidi watu wapige kelele kwanza? Kwa sababu wakati yale maandishi yanapita hapakuwa na mtu wa kutosha mwenye nguvu ya kura aliyewahi kukaa kwenye kituo cha afya kisiwani mwezi wa saba akamwona baba amesimama nje na mtoto begani anahesabu sarafu. Daktari aliyefanya kazi huku anayajua hayo bila kuambiwa na mtu, na wala hakuyasoma chuoni, ameyaona tu kazini. Akisoma kifungu anaona uso wa mgonjwa. Mbunge wakili akisoma kifungu hicho hicho anaona kifungu, na si kosa lake.

Sasa nirudi kwa mzee, manake hesabu yake ya hasara si ya kupuuza. Daktari anasomeshwa miaka 6 chuoni, anaongeza mwaka 1 wa uanagenzi, akitaka ubingwa ni miaka mingine minne au zaidi. Bunge ni miaka 5. Nairobi akiondoka mmoja hakuna anayejua, Lamu akiondoka mmoja anayejua kupasua, mji mzima unajua kabla ya adhuhuri. Shangazi yangu mmoja, Mungu amrehemu, alitolewa kituo kimoja upande wa Pate usiku na uchungu wa mimba, boti ikafika mlango wa Mkanda maji yametoka, wakakaa wanangoja bahari ijae. Walipofika Amu daktari wa kumpasua alikuwepo na mtoto akapona, leo ana watoto wake mwenyewe. Hebu niambie usiku ule huyo daktari angekuwa yuko Nairobi kwenye kikao, kukawa na safari nyingine ya boti mpaka Mokowe upande wa bara kisha barabara mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita 300. Ndiyo maana simcheki mzee.

Ila tuangalie vizuri ni daktari gani anayegombea. Mara nyingi si yule kijana wa zamu ya usiku. Ni mtu aliyekwisha toka wodini zamani, yuko ofisini anasaini makaratasi au ana kliniki yake mjini. James Nyikal, mbunge wa Seme tangu 2013, ni daktari wa watoto kweli, lakini kabla ya Bunge alikuwa amekwisha kuwa mkurugenzi wa huduma za matibabu na katibu wa wizara. Huyo Bunge halikumtoa kitandani kwa mgonjwa, lilimtoa kwenye meza moja likampeleka meza nyingine, na meza hii ya pili wananchi wanaweza kumwondoa.

Hapa Pwani tumewahi kuwa na Dkt. Naomi Shaban wa Taveta, daktari wa meno, alichaguliwa 2002 akakaa mpaka 2022, miaka ishirini. Uliza watu wanamkumbuka kwa nini, sidhani wengi watataja meno. Na Bonny Khalwale wa Kakamega ndiyo kabisa, daktari wa watu, lakini jina lake Bungeni lilitokana na pesa za umma, yeye ndiye aliyeleta hoja ya kumkataa waziri wa fedha Amos Kimunya mwaka 2008 juu ya uuzaji wa hoteli ya Grand Regency na baadaye akaongoza kamati ya hesabu za umma. Kuna wanaosema hii ni ushahidi kwamba udaktari hauna kazi Bungeni. Mimi naona kinyume, mtu aliyezoea kuuliza inauma wapi, ilianza lini, ulipewa dawa gani na nani, ndiyo huyo huyo anayejua kumhoji katibu wa wizara kuhusu pesa zilizopotea. Lakini nakubali hapa navuta kamba upande wangu.

Hoja ngumu kuliko zote dhidi yangu ni hii, na nashangaa barazani hakuna aliyeitoa. Mwaka 2024 madaktari waligoma kuanzia katikati ya Machi mpaka tarehe 8 Mei, siku 56. Ugomvi mkubwa ulikuwa mshahara wa madaktari wanagenzi, mkataba wa 2017 uliandika 206,000, serikali ikasema 70,000. Wakati huo kamati ya afya ya Bunge ilikuwa chini ya Robert Pukose wa Endebess, daktari, na Nyikal alikuwa Bungeni pia. Madaktari walikuwemo ndani na bado nchi ikakaa siku 56. Kwa hiyo walifanya nini? Jibu langu ni kwamba mbunge wa Kenya anapiga kura na chama chake, koti jeupe halimkingi na kiranja wa chama, na mishahara ile ilikuwa ni ya mkono wa serikali kuu na hazina. Ni jibu, lakini nikilisoma tena naliona halishibi.

Kuna na la ugatuzi. Katiba ya 2010 iliweka hospitali za kaunti mikononi mwa kaunti, basi mbunge wa kitaifa hata awe bingwa wa upasuaji hawezi kuamrisha kitanda kimoja pale King Fahd, hospitali yetu ya Lamu, wala hospitali ya Malindi. Mtu akisema daktari anayetaka kurekebisha hospitali ya Lamu agombee udiwani, hajakosea sana. Kilichobaki Nairobi ni sera, bima, hospitali kuu za rufaa, kugawanya pesa kati ya serikali mbili. Ndiyo narudi kwenye 3,600, haikuamuliwa Mokowe kwenye ofisi za kaunti.

Wenzetu Tanzania hadithi ni nyingine manake waziri lazima awe mbunge. Dkt. Faustine Ndugulile wa Kigamboni alikuwa mbunge na naibu waziri wa afya, akaondolewa Mei 2020 korona ikiwa imepamba moto, ubunge wake ukabaki, akaendelea, mpaka Agosti 2024 akachaguliwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani, WHO, kanda ya Afrika, akafariki Novemba mwaka huo kabla hajaanza kazi. Kwetu Kenya waziri haruhusiwi kuwa mbunge, kwa hiyo daktari wetu akiingia Bungeni asitegemee kuishika wizara, ataiuliza maswali tu. Wengine wanaona hiyo ni ndogo. Mimi naona ni afadhali, angalau anayeuliza si yule yule anayejibu.

Na hatari ya daktari Bungeni ipo, tusidanganyane. Mwaka 2005 Marekani kulikuwa na kesi ya mwanamke mmoja wa Florida aliyekuwa hajitambui kwa miaka mingi, mumewe anataka mpira wa kumlisha utolewe, wazazi hawataki. Bill Frist, kiongozi wa walio wengi kwenye Seneti na daktari wa kupasua moyo, akasimama mbele ya wenzake akatilia shaka walichosema madaktari wake, na yeye mgonjwa hajamgusa, alitazama video tu. Miezi michache baadaye, mwanamke amekwisha kufa, majibu ya kupasuliwa maiti yakatoka, ikaonekana ubongo umeharibika vibaya hata usingeweza kurudi. Wakili akisema upuuzi juu ya ugonjwa watu humpinga, daktari akisema wabunge wenzake wananyamaza, hapo ndipo kwenye shida.

Tena si kila jambo la afya linamtaka daktari. Sheria ya marekebisho ya afya ya akili ya 2022 ililetwa na Sylvia Kasanga, si daktari. Mwaka 2023 makaburi ya msitu wa Shakahola, ya waumini walioambiwa wafunge mpaka kufa, yalipofukuliwa na maiti zaidi ya 400 zikatolewa, hospitali ya Malindi ikawa inapokea miili kila siku, kamati ya Seneti iliongozwa na Danson Mungatana wa Tana River, wakili. Ibara ya 125 ya Katiba inalipatia Bunge uwezo wa kumwita mtu yeyote aje aeleze, basi wataalamu wanaitwa, wanasema, wanakwenda zao. Ila shahidi hana kura. Akishatoka mlangoni, aliyebaki ndani ndiye anayeamua ni sentensi gani iingie kwenye ripoti na ipi iachwe.

Kitu kinachoniudhi zaidi kiko kwetu wapiga kura. Daktari akishinda, Jumamosi ya kwanza nyumbani kwake kuna foleni, huyu na bahasha ya eksirei, huyu anataka mchango wa kumpeleka mama Mombasa, huyu ameambiwa ana pressha anataka kuhakikisha. Tunamgeuza mbunge kliniki ya bure kisha baada ya miaka mitano tunauliza alileta mswada gani.

Yule kijana anayetajwa kugombea, daktari, alikuja barazani wiki iliyopita. Akasalimia wazee mmoja mmoja, akaketi. Nikamuuliza, dokta, ukiingia utaomba kamati gani? Akajibu haraka, "Ya afya, ami, si ndio kazi yangu." Nikamwambia ile asilimia 2.75 haikuandikwa ndani ya sheria ya SHA ya 2023, iliandikwa kwenye kanuni za 2024, na kanuni zinapita kwenye kamati yake nyingine ambayo hakuna anayeigombania, na pesa nazo ziko kwa kamati ya bajeti, huko umewahi kufikiria? Akanyamaza kidogo. Akaomba nimtajie jina la hiyo kamati ya kanuni tena, akatoa simu akaandika. Mzee wa Mkunguni akamtazama mpaka akamaliza kuandika, kisha akakunja mkono wa kanzu akamwambia kabla hajaondoka amwangalie pressha.