Kompyuta Haisemi

Mwalimu wetu wa usanifu wa programu alitukaririsha mambo mawili. Kwanza, usikimbilie kuandika msimbo wa programu: chora skrini kwenye karatasi, mpe mtu abonyeze kwa kidole, nawe uwe ndiye kompyuta, unambadilishia karatasi. Pili, kompyuta haisemi. Mtumiaji akikwama, mwache akwame. Wewe tazama, andika.

Jumamosi saa saba nikatua kwenye kibanda cha chakula mtaani Pipeline, Nairobi, vijana wa mjengo wameshuka kula. Simu yangu ilikuwa kipande cha katoni ya unga. Programu yenyewe ni ya kulipia chakula. LIPA nililichora kubwa, karibu na kidole gumba, maana mwanasaikolojia Paul Fitts alishaonyesha tangu 1954 kwamba shabaha kubwa iliyo karibu hufikiwa upesi. GHAIRI nikaibana pembeni kama nzi aliyetua kwenye andazi.

Wa kwanza akamaliza chapati-madondo, akapangusa mkono kwenye ovaroli (hakupangusa sana), akabonyeza LIPA. Karatasi ikabaki na muhuri wa mafuta, mistari ya kidole yote unaihesabu. Nikamwekea skrini ya pili: "Malipo yamepokelewa. Asante."

Akaisoma, akamwinulia mwenye kibanda kule jikoni. "Mathe, imeingia!" Akavaa kofia yake ya plastiki, huyo.

Nilifungua mdomo. Nikakumbuka kompyuta haisemi, nikaufunga. Daftarini nikaandika: sekunde nne, hakukwama popote.

Wa pili vilevile. Wa tatu aliposikia habari akaongeza kwanza mayai mawili na chai. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua matatizo mengi ya programu, na wa tano alipoondoka akichokonoa meno, mimi nilikuwa nachekelea peke yangu. Watano wote, na hakuna aliyegusa GHAIRI!

Mama akaja na mwiko mkononi.

"Kijana wangu, wale watano ni Sh 410. Na simu yangu haijalia hata mara moja."

"Mathe, lile lilikuwa jaribio tu..."

"Jaribio ni lako. Madondo ni yangu."

Nikatoa simu ya kweli, nikalipa, nikamgeuzia kioo asome ujumbe. Hata hakuutupia jicho. Alivuta kigoda, akaketi mbele yangu, simu yake ya vibonyezo mapajani.

"Tungoje ilie."