Sikumkonyeza Mtu, Nilikuwa Napima

Kabla hamjaendelea kunitumia zile emoji za jicho moja, nisikilizeni kidogo. Najua mmeshasikia. Rafiki yangu mmoja, ambaye kuanzia leo namwita Mtangazaji, ameshasambaza kwenye kila grupu tulilomo, mpaka lile la kuchangia harusi ya watu wengine, kwamba nimenaswa nikimkonyeza binti wa watu mbele ya baba yake mzazi, kwenye chumba cha kusubiria, asubuhi kweupe. Chumba cha kusubiria ni kweli. Baba mzazi ni kweli. Yaliyobaki ni chumvi, na leo nimekuja kuipunguza.

Wa siku nyingi hapa mnajua kuwa nimerudia kuchora. Utotoni nilichora kila mahali: nyuma ya madaftari, ukutani, na kwa sababu hiyo viboko nilivila. Kisha ukafika ule umri ambao mtoto anautazama mkono aliouchora, anautazama mkono wake mwenyewe, anaona hawa wawili hawana undugu wowote. Penseli nikaweka chini. Na wengi wenu mliiweka umri huo huo, msijifanye kunicheka.

Sasa mtu mzima akirudia kuchora, cha kwanza hachori. Ananunua vifaa. Nilinunua penseli kuanzia 6H hadi 8B, kifutio kile laini unachokifinyanga kwa vidole kikanyonya weusi bila kukwaruza karatasi, vijiti vya mkaa wa kuchorea, na daftari lenye karatasi nzito, nzuri kiasi kwamba nililiogopa. Jioni ya kwanza nikakaa mezani. Ukurasa mweupe ukanitazama. Nikaona ni busara kwanza nijue hizi penseli asili yake ni nini.

Ndiyo maana leo naweza kukwambia, hata ukiniamsha usiku, kwamba mwaka 1795 Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, alipewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya kuchanganya unga wa grafaiti, yale madini meusi ya ndani ya penseli, na udongo wa mfinyanzi na kuuchoma, maana vita vilikuwa vimeizuia grafaiti safi ya Uingereza isifike Ufaransa. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari wake hafifu, hizo ndizo za H. Grafaiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi, hizo ndizo za B. Elimu nzuri sana. Ukurasa ukalala mweupe.

Nikageukia motisha. Nikamwambia Mtangazaji kwamba Vincent van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, kwa hiyo hakuna kuchelewa. Akaniuliza, "Alikufa na mingapi?" Nikamwambia 37. Akahesabu kwa vidole, akanitazama kwa huruma, akasema, "Basi wewe ni marehemu siku nyingi." Nikahamia kwa Grandma Moses, yule bibi wa Marekani aliyeshika uchoraji kwa dhati akiwa ameshavuka miaka 70 na akaishi hadi 101. Hapo akaniacha.

Kilichonisaidia mwishowe hakikuwa bibi wala babu. Nilichukua karatasi mbovu, zilizokwisha kuandikwa upande mmoja, nikaanza michoro ya haraka, ile ya kumpa mtu sekunde 30 au dakika moja kisha unaachana naye hata kama hana miguu. Karatasi mbovu haikuogopeshi. Tatizo watu wanatembea. Nikajiuliza, ni wapi duniani binadamu wanakaa mahali pamoja muda mrefu bila matumaini ya kuondoka? Jibu mnalo.

Hivyo siku ile nilikuwa na namba yangu ya foleni mkononi, daftari langu zuri mapajani, maana nilishapata jeuri, na Mtangazaji kulia kwangu, amenisindikiza kwa sababu hana kazi. Mbele yetu mzee mmoja. Kofia, mikono miwili juu ya mkongojo, kichwa kimeegemea ukuta, macho yamefumbwa. Mchoraji hawezi kuomba zaidi ya hapo. Pembeni yake dada mmoja mwenye mkoba mkubwa, ambaye sikumjali hata kidogo, na hili naomba liingie kwenye kumbukumbu.

Sasa twende kwenye jicho. Kuna njia ya kupima ambayo wachoraji wameitumia miaka na miaka. Unanyoosha mkono wote mbele, kiwiko kisikunjwe, maana mkono ukisogea na kipimo kinabadilika. Unashika penseli wima. Unafumba jicho moja, kwa sababu ukitumia yote mawili penseli inakuwa mbili na hujui ushike ipi. Ncha ya penseli unaiweka utosini kwa mtu, kidole gumba unakishusha hadi kwenye kidevu. Hicho ndicho kichwa. Kuanzia hapo kila kitu unakihesabu kwa vichwa: mtu mzima aliyesimama anakaribia vichwa saba na nusu. Ni hesabu tupu. Haina mahaba ndani yake.

Ila ukiitazama kutoka ng'ambo, ni mwanamume amekunyooshea mkono, anakufumbia jicho, anatingisha kidole gumba juu na chini. Halafu anainama, anaandika. Halafu anarudia.

"Samahani, kaka."

Nikainua uso.

"Jicho lako lina shida?"

"Hapana, dada."

"Sasa mbona tangu tumekaa hapa unanikonyeza?"

Jamani. Mnajua vyumba vya kusubiria vilivyo na kelele. Kile kilinyamaza chote. Mama aliyekuwa anajipepea na kadi yake aliacha kujipepea. Mtoto aliyekuwa analia tangu nifike alikata kilio katikati, akageuka kutazama, amevutiwa. Mlinzi wa mlangoni akasogea hatua moja, moja tu, ya kunijulisha kuwa yupo. Mtangazaji akachukua kofia yake, akahama viti viwili, akaanza kusoma bango la kunawa mikono kwa makini ambayo sijawahi kuyaona kwake.

Na mkono wangu ulikuwa bado umenyooka. Penseli wima, kidole gumba mahali pake. Kichwa kilishajua kuwa mambo yameharibika, lakini mkono ulikataa kupoteza kipimo.

Hapa ndipo kinywa changu kikafungua duka bila kuniuliza. Nikasema, "Si wewe, dada."

Litafakarini jibu hilo. Maana yake kukonyeza nakonyeza, ila mlengwa ni mwingine. Dada akalitafakari pia. Nikamwona anageuza shingo pole pole kutazama aliye kushoto kwake ni nani. Akamkuta baba yake.

"Unamkonyeza baba?"

"Nampima, dada. Nampima tu. Kichwa."

"Unampima baba yangu kichwa? Cha nini?"

Safu ya nyuma mama mmoja akasema, kwa sauti ya mtu aliyekusudia kunong'ona ikamshinda, "Mungu wangu, na mzee wa watu bado anapumua."

Kijasho chembamba kikaanza safari mgongoni. Nilitaka kueleza habari za uwiano, nikaona neno lolote nitakalotoa litapelekwa kwa mlinzi. Nilitaka kushusha mkono, nikaona nikiushusha sasa nitaonekana nimekubali kosa. Nikabaki hivyo hivyo, mkono mbele, jicho moja wazi, na lile lililofumbwa likaanza kutetemeka lenyewe kwa woga. Dada akaliona linavyotetemeka. "Ona! Anaendelea!"

Ndipo mzee, bila kufumbua macho, akasema, "Mwache amalize."

Kimya.

"Mimi nimekuwa seremala tangu ujana," akaendelea. "Ubao huwezi kujua umenyooka mpaka ufumbe jicho moja. Huyu kijana anachora. Na mimi nimekaa bila kugeuza shingo kwa ajili yake muda wote huu, mpaka shingo imekufa." Akafumbua macho, akajinyoosha, akatoa mkono. "Haya, mwanangu. Lete tuone."

Mlidhani nimeokoka? Nami nilidhani hivyo kwa sekunde kama mbili. Halafu nikakumbuka kilichokuwa kwenye daftari.

Nilianza na sikio. Sikio la mzee lilikuwa karibu na mwanga, limejaa mikunjo, nikalipenda. Nikalifanyia kazi kwa 4B, kivuli juu ya kivuli. Wanaojua watawaambia unaanza na umbo zima, mistari myepesi, kichwa, shingo, mabega, ndipo uingie vitu vidogo. Mimi kutoka kwenye sikio nilitambaa. Nikafika shavuni, nikapanda kwenye macho. Kwa mtu mzima macho yako karibu katikati ya kichwa, nusu ya njia kati ya utosi na kidevu, lakini wengi wetu tunayapandisha kwa kuwa paji la uso halina cha kutazama. Yangu yalipanda hadi mpakani mwa kofia kama yanatafuta mtandao. Pua ikafuata, ndefu, haina haraka. Midomo ikafuata. Kisha karatasi ikaisha.

Kidevu hakikuwa na pa kukaa. Kule kupima kote mnakosikia, ule mkono, lile jicho, yote yalikuwa baada ya ajali, natafuta kidevu cha mzee nikakichomeke wapi.

Mzee akashika daftari. Akalisogeza mbali, akalirudisha karibu. Dada akachungulia begani kwake, na nikaona hasira inamtoka usoni, kitu kingine kinaingia. Angebaki na hasira ningemshukuru.

"Pole, kaka," akasema.

Yule mtoto alikuwa ameshafika, ameshika goti la mzee, anatazama. "Babu hana kidevu."

Mzee hakujibu. Alitazama sana. Hatimaye akaweka kidole kwenye karatasi.

"Sikio ni langu," akasema.

Basi daftari likaanza kuzunguka. Mama wa kadi akalitazama, akamtazama mzee upande, akathibitisha: sikio ndilo. Safu ya nyuma ikalidai. Mlinzi akaja rasmi, akavua kofia, akalinganisha sikio na sikio, akasema, "Hapa amepatia," kwa sauti ya kufunga jalada. Kuhusu uso hakuna aliyesema neno. Watu wana adabu kuliko tunavyowadhania, na ile adabu yao iliniuma kuliko kesi ya kukonyeza.

Mzee akaomba penseli. Akatoa kikaratasi chake cha namba ya foleni, akakigeuza, akakibana chini kabisa ya ukurasa, akaninyooshea mkono kana kwamba ananitazamia mbao, akafumba jicho moja (hakuna aliyemuuliza jicho lake lina nini), akacheka, kisha akajichorea kidevu chake mwenyewe. Mistari michache tu. Kilikuwa kidevu haswa, na kilikaa pale kilipotakiwa kukaa. Akanirudishia penseli akaniambia, "Mwanangu, meza haianzwi kwa droo."

Na papo hapo namba yao ikaitwa. Dada akanyanyuka, akamshika baba mkono, wakaenda dirishani na kikaratasi. Yule wa dirishani akakigeuza, akaona kidevu, akamtazama mzee, akakichomeka kwenye rundo na vingine. Kwa hiyo kidevu kimeingia kwenye makaratasi yao na mimi nimebaki na mchoro wa mzee unaoishia midomoni.

Yaliyofuata hayana maneno mengi. Namba yangu ilikuwa imeitwa wakati daftari liko safu ya nyuma, imepita. Nikachukua nyingine. Nikamchora mtoto, akakataa, akasema si yeye. Mtangazaji alirudi kwenye kiti chake hali imetulia, akaniuliza nimejifunza nini, nikamwambia akae mbali na mimi. Kumbe vidole vyake vilikuwa vinaandika kwenye magrupu.

Tangu hapo nachora kila siku. Van Gogh aliniletea heshima kubwa na mchoro sifuri, lakini sasa nikikaa bure tu namsikia yule mtoto. Nachora kichwa kizima kwanza kwa 2H, hafifu, naacha nafasi chini mpaka mtu anayetazama anadhani namchora mwenye ndevu. Jana nilimchora Mtangazaji kwa kumbukumbu, akiwa anasoma bango la kunawa mikono, viti viwili kutoka kwa rafiki yake wa miaka yote. Mgongo wa woga nimeupata vizuri ajabu. Unaingia kwenye grupu la harusi leo usiku.

Nahitaji watu wa kuchora, wanaoweza kukaa bila kutikisika na ambao ndugu zao hawana maswali. Andikeni majina hapo chini. Wenye kidevu kifupi watapewa kipaumbele.